Karatasi Tatu, Pini Moja

Wino mwekundu ulikuwa umeingia kwenye karanga.

Ruqaiya aliliona hilo kabla ya kitu kingine chochote asubuhi ile. Karanga zilikuwa bado na joto na unyevu wa maji ya chumvi, na alipozimimina ndani ya pembe ya karatasi, zile za juu zikabaki na madoa mepesi, kama zimeshikwa na mtu aliyejikata kidole. Akazirudisha kwenye ungo, akaikunjua pembe. Ilikuwa karatasi yake mwenyewe. Katikati palikuwa na mwandiko wake wa bluu. Pembeni, toka juu hadi chini, mwandiko mwekundu wa Madam Nambozo, mwalimu wake.

"Ruqaiya! Umemaliza?" Mama yake aliita kutoka uani, alikokuwa akipepea makaa ya sigiri.

"Bado kidogo, mama."

"Watu wa kiwandani wanapita. Na hizo pembe uzikaze. Jana ulisokota pembe za harusi."

"Nikizikaza sana haziingii kitu."

"Ndivyo ninavyotaka. Karanga zimepanda bei. Mteja anaangalia urefu, haangalii unene."

Tangu karanga zianze kupanda bei, pembe za mama yake zilikuwa zikikonda mwezi hadi mwezi, na sasa zilikaribia kuwa kama penseli. Karatasi nazo zilinunuliwa kwa kilo, madaftari ya zamani kutoka shuleni, na hakuna iliyotupwa. Ruqaiya aliilaza ile yenye wino juu ya mfuniko wa sufuria ikauke. Hakutaka kuisoma, lakini macho yalikwisha kuisoma. Pembeni, kwa Kiingereza, Madam alikuwa ameandika: Hujanijibu. Mwaka huo shule ilikuwa bure. Karo gani?

Aliigeuza, maandishi yakaingia ndani, akaisokota upya na kuikaza kweli kweli, akaijaza, akaiweka kwenye sinia pamoja na nyingine. Robo saa baadaye, akiwa anafunga kitambaa chake cha kichwa mlangoni, alimwona mwanamume mmoja wa zamu ya asubuhi akiichukua. Aliijua kwa doa lililopenya kwa nje. Mtu yule aliondoka akiitikisa mkononi, akitafuna, akielekea barabara kuu ya Walukuba.

Kitambaa kilikuwa kikiteleza. Ruqaiya alichukua pini iliyokuwa juu ya dirisha, akakibana. Ile pini ndiyo iliyokuwa imeshika karatasi zake tatu za darasani. Juzi alikuwa ameichomoa, mbili akazitia kwenye rundo la kufungia karanga, na ya tatu, iliyo safi, akaiweka ndani ya bahasha. Leo alikuwa anaipeleka Mbale.

"Umechukua barua?" Mama yake alisimama mlangoni, mikono imejaa masizi.

"Ndiyo."

"Nenda basi. Ukipata hiyo nafasi, nitapita mbele ya nyumba ya yule mwalimu mkuu aliyekukata shuleni. Nitapita polepole, na sinia kichwani. Aone mtoto wa Bakhit."

"Mama, acha."

"Niache nini? Mtoto wa kwanza darasani anakatwa kwa umri! Mungu anamwona."

Ruqaiya aliitazama miguu yake. Mama yake alikuwa akimlaani mwalimu mkuu yule kwa miaka miwili na nusu sasa, kila jambo zuri au baya lilipotokea, na kila mara Ruqaiya alitazama miguu yake.

*

Alikuwa na miaka kumi na minane. Baba yake, Bakhit, alikuwa askari wa magereza pale Jinja, akafa mwaka wa tisini na tano, na familia ikatolewa kwenye nyumba ya kazi. Wakahamia chumba kimoja Walukuba, mama na watoto watano. Ruqaiya alimaliza darasa la tano mwishoni mwa mwaka uliofuata. Hakuingia la sita.

Mwaka jana, wageni wa mradi mmoja waliweka kompyuta mbili kwenye ukumbi wa mtaa. Tangazo likabandikwa mlangoni: Kiingereza cha kuandika, kwa wasichana ambao hawakumaliza shule ya msingi, saa tisa alasiri. Ruqaiya alipita mbele ya tangazo lile siku nne na sinia lake. Siku ya tano aliingia akakaa karibu na mlango.

Utaratibu wa darasa ulikuwa wa karatasi tatu. Ya kwanza unaandika kwa mkono, Madam Nambozo anaisoma na kukuuliza maswali pembeni kwa kalamu nyekundu. Ya pili unaandika tena kwa mkono, ukiyajibu maswali yale, na Madam anaisoma tena. Ndipo unakwenda kwenye mashine. Unaingiza maneno yako kidole kimoja kimoja, nayo inakupigia mistari ya mawimbi, mwekundu chini ya neno, wa kijani chini ya sentensi. Unasahihisha mpaka mistari inakwisha, halafu inachapa. Hiyo ndiyo ya tatu. Zote zinashikwa kwa pini moja, na pini hairuhusiwi kutoka.

Madam Nambozo alikuwa mwanamke mnene wa kutoka milima ya Mbale, mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Hakuionea mashine wivu.

"Msiiogope," aliwaambia. "Mimi nikiwa na karatasi arobaini, macho yananidanganya. Yenyewe haichoki. Neno likikaa vibaya itakuonyesha, hata mara mia, na haitakutukana. Lakini haikujui wewe. Haitakuuliza kilichotokea. Hiyo ni kazi yangu, kwa hiyo nijibuni."

Wengine walimjibu. Ruqaiya alijibu maswali yote isipokuwa moja.

Zoezi lilikuwa barua ya kueleza maisha yako na unachotaka kusomea. Aliandika kwamba aliacha shule mwaka wa tisini na saba kwa kukosa karo. Madam akaandika pembeni: Karo gani? Karatasi ya pili Ruqaiya alibadilisha kila kitu kilichoulizwa, na sentensi ile akairudia vilevile. Madam akaandika: Hujanijibu.

Alingojea kuitwa. Badala yake, mwezi wa nne, mabwana watatu wa mradi walikuja kutoka Kampala, wakakaa nyuma ya ukumbi alasiri nzima. Mmoja alikuwa na saa mkononi. Alipima muda ambao Madam alitumia kwa karatasi moja, kisha muda wa mashine. Wiki iliyofuata mkataba wa Madam ulikwisha na haukuandikwa mwingine. Alirudi kwao milimani, Bududa, na sanduku moja na ndoo.

Alibaki Timothy, mtu wa kompyuta. "Mwalimu ni huyu sasa," alisema siku ya kwanza, akiipiga mashine mgongoni. "Halipwi, haugui, hafiwi na mjomba." Wasichana walicheka. Tangu siku ile ukumbi ukawa kimya. Walikaa wawili wawili mbele ya vioo, wakifukuza mistari mmoja baada ya mwingine, na umeme ulipokatika walikwenda nyumbani. Hakuna aliyesema neno la Kiingereza kwa sauti.

Ruqaiya aliingiza barua yake. Mashine ilipiga mstari chini ya jina lake, chini ya Walukuba, chini ya jina la baba yake. Ilipiga chini ya maneno kumi na moja mengine. Aliyasahihisha yote. Chini ya sentensi ile ya karo haikuweka mstari hata mmoja.

Ilipochapwa ilikuwa nzuri kupita chochote alichowahi kushika. Herufi zimesimama kama askari kwenye gwaride, pembezoni peupe pasipo na kidole cha mtu. Ndiyo maana zile mbili nyingine zilimtia aibu. Zilikuwa kama nguo za ndani zilizoanikwa barabarani. Mradi ulikuwa umesema karatasi tatu, lakini Ruqaiya aliwaza: nani anayekwenda kuomba kazi akionyesha makosa yake?

*

Ofisi ya mafunzo ilikuwa nyuma ya soko la Mbale, nyumba ndefu yenye veranda na benchi mbili. Walikuwa wanachukua wasichana ishirini wa kufundishwa uuguzi msaidizi, miezi tisa, kulala na kula hapo hapo, na baadaye kupelekwa vituo vya afya vijijini. Sharti lilikuwa kusoma na kuandika Kiingereza, na barua ya mwombaji mwenyewe.

Askari wa mlangoni alimpa kitabu. "Andika jina, mahali, saa."

Aliandika. Saa nne na nusu.

Kwenye benchi kulikuwa na wasichana kumi na wanane au zaidi. Alipoketi aliona mikononi mwao karatasi za mistari, zote za mwandiko wa mkono, zimekunjwa mara nne, nyingine na alama za jasho. Bahasha yake kubwa ya kaki ilionekana kama ya mtu wa benki. Akaiweka mapajani na kuifunika kwa mikono.

"Mulembe," alisema msichana aliyekaa kando yake, akimsalimu kwa lugha ya kwao. Alikuwa mweusi, mchangamfu, mwenye pengo kati ya meno.

"Mimi sijui lugha hiyo," Ruqaiya alisema. "Natoka Jinja."

"Ah, Jinja! Basi Kiswahili. Mimi Gorreti." Aliitazama bahasha. "Umebeba hati ya nyumba?"

"Barua tu."

"Yangu hii." Gorreti alikunjua karatasi yake. Mwandiko ulikuwa wa ajabu, umelala upande mmoja, herufi kubwa zenye mikia. "Mzuri, eh? Mjomba wangu. Ni mwalimu, ana mkono wa kanisani. Mimi nikiandika, utasema kuku amekanyaga wino."

"Si wamesema uandike mwenyewe?"

"Wamesema," Gorreti alijibu, akacheka, akaikunja tena.

Walikaa. Jua lilipanda ukutani na kuingia verandani, wasichana wakasogea, benchi ikawa fupi. Mwanamke mmoja alipita na sinia la karanga, na Ruqaiya akajikuta anazitazama pembe zake. Zilikuwa nyembamba kama za mama yake. Saa saba kasorobo mlango ulifunguliwa, karani wa kike akasoma jina lake vibaya, mara mbili, mpaka akasimama.

Ndani kulikuwa na meza, kabati la chuma, na Bwana Geresom, mtu wa makamo mwenye shati jeupe lililopigwa pasi mpaka likang'aa kwenye kola. Karani, Shallon, aliketi pembeni na rejista. Bwana Geresom alitoa barua kwenye bahasha, akaisoma yote bila kuinua macho. Halafu akaiinua kuelekea dirishani, kama watu wanavyokagua noti.

Aliuliza kwa Kiingereza nani ameandika barua hii.

Ruqaiya alielewa kila neno. Jibu aliliona, limeandikwa, lina nukta mwishoni. Lakini kati ya kuliona na kulitoa mdomoni kulikuwa na umbali ambao hakuna mtu aliyempitisha tangu mwezi wa nne.

"Mimi," alisema kwa Kiswahili. "Mimi, afande."

"Afande?" Bwana Geresom aliweka barua chini. "Unaona bunduki hapa? Shallon, unaona bunduki?"

"Sioni, bwana," Shallon alisema, akitabasamu kwenye rejista.

"Hapa si kambini. Wewe mtoto wa nani?"

"Baba alikuwa magereza, bwana. Jinja."

"Ndiyo maana." Akaendelea kwa Kiswahili, polepole, kama mtu anayevua viatu ili avuke tope. "Sasa sikia. Mimi serikalini nina miaka kumi na saba. Naandika na makosa. Mkubwa wangu naye anaandika na makosa. Wewe wa darasa la tano unaandika ukurasa mzima bila kosa hata moja?"

"Mashine ilisaidia, bwana. Inaonyesha mstari. Halafu mimi nasahihisha."

"Ilisaidia au iliandika?"

"Ilisaidia."

"Sawa. Mradi wenu umetuletea maelezo." Alivuta karatasi nyingine kutoka kwenye faili. "Hapa. Kila mwanafunzi ataleta karatasi tatu, mbili za mkono na moja ya mashine. Jana walikuja wenzako wawili kutoka huko huko. Karatasi zao chafu, wino kila mahali, lakini tatu tatu. Nikaona mtu alianza wapi na amefika wapi. Zako ziko wapi?"

Ruqaiya aliitazama miguu yake.

Bwana Geresom alipitisha kidole kwenye kona ya juu ya barua. "Hapa kuna matundu mawili ya pini. Hii ilikuwa na wenzake. Umewaondoa. Kwa nini umewaondoa?"

Mkono wa Ruqaiya ulipanda wenyewe mpaka kwenye kitambaa, ukaigusa pini, ukashuka. "Zilikuwa na makosa," alisema.

"Sisikii."

"Zilikuwa na makosa mengi, bwana. Tumefungia karanga."

Kisha Bwana Geresom alicheka, si kwa ubaya, alicheka kama mtu aliyepata cha kusimulia nyumbani. "Shallon, umesikia? Ushahidi umeliwa Jinja, na chumvi."

"Nimesikia, bwana."

"Naweza kuandika hapa," Ruqaiya alisema, haraka, kabla sauti haijamkimbia. "Sasa hivi. Nipe karatasi."

"Hapa si shule. Barua inaletwa, haiandikwi hapa. Nikikupa wewe karatasi, hao wote wa nje watataka karatasi. Nitazitoa wapi? Hii ofisi hata karatasi za kaboni tunanunua wenyewe." Aliirudia barua. Sasa alikuwa mtu anayemaliza kazi. "Na hata kama ningekupa. Angalia hapa. Umeacha shule tisini na saba kwa kukosa karo. Karo gani?"

Ruqaiya aliinua uso. Kwa kitambo kidogo alidhani Madam Nambozo amesimama nyuma ya mtu huyu.

"Mwaka ule serikali ilifungua shule bure," Bwana Geresom alisema. "Watoto wanne kila nyumba. Mimi nilikuwa karani ofisi ya elimu. Zile fomu za wazazi nilizipiga muhuri mimi, asubuhi mpaka jioni, magunia kwa magunia, mpaka kidole hiki kikaota sugu. Tazama. Hakuna mtoto aliyefukuzwa kwa karo. Huyo aliyekuandikia hii barua hakulijua hilo. Amebuni."

Aligusa sugu yake, akaitazama mwenyewe kidogo. Kisha akachukua kalamu nyekundu, akapiga mstari mmoja kutoka kona hadi kona ya barua ile, akamrudishia.

"Mwambie anayefuata."

*

Anayefuata alikuwa Gorreti. Hakukaa ndani zaidi ya muda wa mtu kunywa kikombe cha maji. Alitoka ameziba mdomo, mabega yakitikisika, akamvuta Ruqaiya mpaka mwisho wa veranda.

"Nimepata! Ameniuliza kwa Kiingereza nani ameandika, nikasema 'me'. Basi. Akasema mwandiko kama huu siku hizi hauonekani, utafaa kwa kadi za wagonjwa." Akacheka mpaka machozi. Halafu akaona barua mkononi mwa mwenzake, na mstari wake. "Eh. Wewe je? Si uliandika mwenyewe?"

"Mwenyewe."

"Na ulimwambia?"

"Nilimwambia."

"Labda ulimwambia ukiangalia chini hivyo. Mwenzangu, mimi nimemdanganya nikimwangalia machoni, na tumecheka naye." Alimshika mkono, kisha akauachia. "Ngoja nimkimbilie mjomba kabla hajarudi darasani. Usikae hapa sana, jua kali."

Akaondoka. Ruqaiya alikaa kwenye benchi, ambayo sasa ilikuwa na nafasi tele. Wasichana waliobaki waliingia na kutoka. Wengi karatasi zao zilikubaliwa au zilikataliwa bila kelele. Angeweza kuingia na kusema jambo moja tu kuhusu Gorreti, na pengine nafasi moja ingerudi mezani. Alilifikiria hilo, akaliacha. Mjomba wa Gorreti hakuwa ameiba kitu chake.

Aliikunjua barua. Mstari mwekundu ulipita juu ya jina lake, juu ya Walukuba, ukapita katikati ya sentensi ya karo na kuikata vipande viwili. Watu wawili walikuwa wamemuuliza swali moja. Mmoja alimuuliza kwa sababu alitaka kujua, na Ruqaiya akakaa kimya mpaka mtu huyo akafukuzwa kazi. Angejibu wakati ule, sentensi hii isingekuwepo.

Saa nane na nusu Shallon alitoka na kufuli. Bwana Geresom alimfuata, ameshika faili la majina kwapani na funguo mkononi, akamwona.

"Bado uko hapa? Basi lako litakuacha."

Ruqaiya alisimama. Kitambaa kilikuwa kimelegea, akaishika pini kwa mkono mmoja isidondoke.

"Barua nimeiandika mimi," alisema.

"Tumemaliza hiyo habari, binti."

"Lakini pale kwenye karo nilidanganya."

Bwana Geresom alisimama na funguo zikiwa tayari mlangoni. Shallon naye alisimama. Askari aliinua kichwa kutoka kwenye kitabu cha majina. Ruqaiya alijua kwamba akitazama miguu yake sasa, hatasema tena maisha yake yote. Akamtazama mtu yule kolani, pale palipong'aa, kwa sababu machoni hakuweza.

"Mama hajui kusoma," alisema. "Ile fomu yenu ilipokuja, alinipa mimi. Alikuwa anakaanga karanga, hakugeuka. Akasema, wamesema wanne, jaza, wewe ndiye unayejua. Sisi tuko watano. Nikaandika Swaib. Nikaandika Burhan. Nikaandika Shamim. Halafu ikabaki nafasi moja, na tuko wawili, mimi na Zaitun, na Zaitun alikuwa na miaka sita. Nikaandika Zaitun."

Upande wa sokoni mtu alikuwa akigonga bati.

"Mama nilimwambia mwalimu mkuu amenikata kwa umri. Mpaka leo anamlaani mtu wa watu. Asubuhi hii amemlaani." Sauti ilikuwa inatetemeka lakini ilikuwa inatoka, na ilimshangaza kwamba ilikuwa inatoka. "Madam aliniuliza mara mbili, sikumjibu. Wewe umeniuliza, sikukujibu. Sasa nimejibu."

"Binti," Bwana Geresom alisema. Alihamisha faili kutoka kwapa moja kwenda jingine. "Majina ishirini yameshajaa."

"Najua. Sikuombi nafasi." Alikunja barua mara nne, kama zile za wengine, mpaka ikawa ndogo ya kutosha kushikwa kiganjani. "Nilitaka tu kukwambia. Ile fomu niliijaza mimi, kwa mkono wangu, bila mashine, bila mwalimu. Mlipiga muhuri siku hiyo hiyo. Na hakuna hata mmoja aliyeniuliza nani ameandika."